Mto Upande wa Kulia

Shangazi yangu ni fundi wa magodoro. Simaanishi muuzaji wa yale ya sponji yanayofungwa nailoni na kupangwa nje ya maduka kama mikate. Yeye huchambua sufi kwa vidole, huijaza ndani ya kitambaa kizito cha mistari, kisha hushona kwa shazia, ile sindano ndefu ya magodoro, akitoboa kutoka juu hadi chini na kuvuta uzi mpaka godoro lifanye vishimo. Mtaani wanamwita Mama Shazia. Amewalaza watu wengi wa mji wetu, na huwakumbusha.

"Mimi nawajua kwa migongo yenu," huwaambia wateja. "Yule mwenye duka la rangi hulalia upande mmoja tu, kama mtu anayemkwepa mkewe."

Mke wa mwenye duka la rangi akiwapo, ndiye anayecheka kuliko wote.

Kibanda chake kiko nyuma ya soko. Chumba chake kiko mwisho mwingine wa mji, upande wa juu, ambako mto unaingia mjini. Asubuhi hutoka na kushika barabara ya mtoni, mto ukiwa mkono wake wa kulia, mpaka sokoni. Jioni hurudi, mto ukiwa kushoto. Tangu nipate akili sijamwona akipanda gari kwenda kazini. Alifiwa na mume mapema, akamlea mtoto wake mmoja kwa sindano ile, akamsomesha mpaka akawa fundi wa pampu katika mamlaka ya maji ya mji mwingine.

Huo mji mwingine lazima niueleze, maana ndio uliotuletea haya yote.

Uko kwenye mto huuhuu wetu, kule chini unakoelekea, mwendo wa asubuhi nzima kwa basi. Waliochora mji wetu ndio waliochora ule, na bila shaka walikuwa wavivu, kwa sababu walichora mara moja tu. Sisi tuna daraja la chuma, wao wana daraja la chuma. Barabara ya mtoni ipo kwetu na ipo kwao, na soko lenye paa refu la bati liko mwisho wake huku na kule. Hata uwanja wa mpira waliuweka karibu na maji pote pawili, ili mipira izame kwa usawa. Mgeni ukimshusha usingizini hatajua yuko upi. Lakini wenyeji hubishana kama mashabiki.

"Nyinyi mnakunywa maji tuliyonawia miguu," tunawaambia.

"Ndiyo maana tumeweka mitambo ya kusafisha," wanajibu. "Nyinyi je? Si mnayanywa hivyohivyo?"

Ubishi huo nimeusikia kwenye mabasi, kwenye misiba, hata chuoni, ambako vijana wenye akili timamu walichora jedwali ubaoni: lami, umeme, hospitali, kodi za nyumba. Hakuna aliyeandika ubaoni kwamba mji ni wa mtu fulani anayeupita kwa miguu yake. Kuna tofauti moja kubwa kati ya miji hii ambayo hakuna aliyewahi kuitaja kwenye ubishi wowote, na mimi pia sikuwahi kuifikiria.

Macho ya shangazi yalianza kufunga kutoka pembeni. Daktari alisema ni presha ya macho. Kilichokwishapotea hakirudi, dawa ya matone itachelewesha tu. Alikuwa akiona mbele yake sehemu ndogo ya mviringo, kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Kazi aliendelea nayo, kwani vidole vilijua. Lakini siku moja alimgonga mwenye baiskeli ya mayai, habari ikasafiri na mto, ikamfikia mwanawe.

Kaka yangu huyo, mtoto wa shangazi, alikuja mara moja. Tukakaa sebuleni kwetu: baba yangu, shangazi kwenye kochi, yeye kaka amesimama kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Mama, mimi silali," alisema. "Simu ikilia alfajiri moyo unanipasuka. Twende kwangu. Nyumba haina ngazi. Maji hayakatiki. Hospitali ina daktari wa macho kila siku. Hapa mnamsubiri daktari wa macho kama mvua."

"Maneno ya maana hayo," alisema baba.

"Na kazi yake?" nikauliza. "Na watu wake? Mtu si kabati la kuhamisha!"

"Wewe kaa chini. Hujaulizwa."

"Baba, hata shangazi hajaulizwa."

Shangazi ndiye aliyecheka. "Huyu msomi wetu siku moja ataandamana peke yake na bado atafunga barabara." Halafu akamgeuzia mwanawe uso, akamtafuta kidogo kabla ya kumpata. "Kutoka kwako kwenda sokoni, njia ni ipi?"

"Barabara ya mtoni, mama. Nyumba yangu iko mwisho wa juu, soko liko mwisho wa chini, kama hapa. Ni mji uleule. Umehama mtaa tu."

Alifikiri. Alikuwa na mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa hapati usingizi. Akasema, "Haya."

Nilihamia chumbani kwake ili kisipangishwe kwa mtu mwingine. Baba aliniita mkaidi. Ufunguo wa kibanda aliondoka nao mwenyewe, ndani ya kibindo.

Kule alipokewa vizuri; hilo sitaki mtu alitilie shaka. Chumba kilikuwa na dirisha kubwa, kitanda kilikuwa kipya. Shemeji yangu, mkwe wake, alimchemshia maji na kumtilia matone kwa wakati. Alipoenda hospitali alipelekwa kwa gari hadi mlangoni. Alipotaka kufua aliambiwa, "Mama, pumzika." Alipotaka kufagia aliambiwa apumzike. Shemeji aliniambia baadaye kwamba siku moja alimkuta ameketi kitandani, ameshika ukingo wa godoro la sponji, anaubonyeza na kuuachia, anaubonyeza na kuuachia.

Asubuhi moja, kaka akiwa kazini na shemeji yuko bafuni, shangazi alivaa viatu akatoka. Hakuwa anatoroka. Alikuwa anakwenda sokoni kutafuta mahali wanaposhona magodoro, aombe kazi au angalau aguse sufi. Alisimama nje ya geti akasikiliza. Ubaridi wa mto aliusikia usoni, akageuka mpaka ukatua kwenye shavu la kulia, kama siku zote za maisha yake, na akaanza kutembea.

Hiyo ndiyo tofauti ambayo hatukuwahi kuichora ubaoni. Mji wetu uko ng'ambo moja ya mto, mji wao uko ng'ambo ya pili. Kwetu ukienda sokoni mto uko kulia. Kwao uko kushoto. Sisi tunaoona hatujali, tunafuata tunachokiona. Shangazi kwa muda mrefu alikuwa ameacha kufuata anachokiona, akafuata shavu. Na mwanawe alikuwa amemwambia ni mji uleule.

Basi akaenda, siyo sokoni, bali kinyume chake, akiuacha mji nyuma. Lami iliisha, akadhani wanachimba barabara. Kelele za watu zilipungua, akadhani ni mapema. Alijua amepotea pale kiatu kilipojaa maji. Alikuwa amefika wanakopakia mchanga, malori yanarudi nyuma huku na huku, naye katikati, na mto ukianza kumshika miguu.

"Mama! Simama hapohapo!" Mpakiaji mmoja alirusha koleo akamkimbilia. "Unatafuta nini huku?"

"Natafuta wanaoshona magodoro."

Wapakiaji walicheka; nani asingecheka? Hata yeye alicheka. "Basi niambieni nyinyi mnalalia nini," aliwaambia. "Mchanga?"

"Mchanga ungekuwa nafuu, mama. Tunalalia deni la mwenye nyumba."

Yule mpakiaji alimshika mkono akamrudisha mpaka nyumbani. Njiani shangazi alimuuliza jambo moja tu: mto uko upande gani. Alipojibiwa, alijigusa shavu la kulia.

Jioni hiyo kaka aliweka kufuli kwenye geti.

Shangazi alimpigia baba simu, akasema yuko salama. Akasema tena yuko salama. Baba alipoweka simu chini aliniangalia. "Nenda ukamwone. Ukamwone, nimesema. Usiende kuhutubia."

Nilifika mchana, na nakiri nilikuwa nimeiandaa hotuba ndani ya basi. Kaka alinifungulia geti, akalifunga tena nyuma yangu, kufuli jipya linang'aa.

"Kaka, umemfungia mama yako."

"Nimefungia mto," alisema. "Mama nimemweka ndani."

"Ni kitu kilekile! Mtu mzima, aliyekulea kwa mikono yake, unamfungia kama mbuzi?"

Hakupandisha sauti. Alikaa kwenye ukingo wa baraza akavua viatu vya kazi, vya mpira, bado vina matope. "Mdogo wangu, wewe unajua mimi hufanya nini?"

"Fundi wa pampu."

"Pale maji yanapoingia kwenye mitambo kuna wavu wa chuma. Kila kitu mto ulichobeba hunasa pale. Magogo, viti, mbwa. Na watu. Ikiangukia zamu yangu, mimi ndiye ninayewatoa." Aligonga kiatu kimoja na kingine, matope yakaanguka. "Wanakuja wamelala kifudifudi. Lazima uwageuze. Kila mara, kabla sijamgeuza, huwa najua ni mama. Huwa nina hakika. Sasa wewe niambie niache geti wazi."

Nilibaki na hasira, na hasira yenyewe ikawa haina mtu wa kumwangukia.

Sauti ya shangazi ikatoka dirishani. "Mkimaliza kunigawana, mmoja aje anitolee kiti nje. Humu joto."

Asubuhi iliyofuata, kaka alipokwenda zamu, shangazi alimwomba mkwewe afungue geti. "Huyu mtoto wa kaka yangu atanifuata nyuma. Asinishike. Na asiseme, kama anaweza."

"Mama, mume wangu—"

"Mwambie nilikuamuru. Atakuelewa, nimemwamuru tangu ananyonya."

Tukatoka. Kichwa kiligeuka chenyewe kupeleka shavu la kulia mtoni. Nilimwona akisimama, akikikatalia, akigeuka upande wa pili. Halafu akatembea. Sikuwahi kumwona akitembea vile. Kwetu hutembea huku anasalimia watu, mkono mmoja hewani, anajibu utani wa wauza nyanya. Hapa alikaza shingo, akageuza kale kamviringo ka macho yake chini, kwenye ukingo wa lami, na hakukaondoa. Mara mbili mwili ulimvuta kuelekea majini, mara mbili akasimama na kujirekebisha, jasho likimtiririka asubuhi ya baridi. Nilijibana midomo mpaka ikauma. Lakini alifika. Nataka ieleweke wazi: alifika sokoni kwa miguu yake, katika mji uliogeuzwa.

Wauza magodoro walikuwapo, wote wa sponji. Mmoja alimwambia sufi haijaonekana hapo muda mrefu. Shangazi alilibonyeza godoro la mbele, akasikiliza linavyoinuka. "Hili halimkumbuki mtu," alisema, akaomba mahali pa kukaa.

Tuliketi juu ya kreti za soda. Nikaanza, "Shangazi, umeona, unaweza. Nitazungumza na kaka, kila siku utakuwa unakuja, watu watakujua..."

"Naweza," alisema. "Usifikiri siwezi. Lakini sikiliza. Macho yangu yamebaki kidogo, kama mafuta ya taa chini ya chupa. Leo yote nimeyamwaga barabarani. Tangu getini mpaka hapa sijaona uso wa mtu hata mmoja. Nimeona lami." Alijifuta jasho kwa ncha ya khanga. "Nikibaki huku, nitaujua mji huu, na siku nitakapoujua yatakuwa yamekwisha. Kule kwetu njia naijua bila macho. Kilichobaki nitakitumia kwa kitu kingine."

"Kitu gani?"

"Kuwatazama nyinyi. Ingawa wewe ungenyoa kwanza."

Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza ni mji upi kati ya hii miwili unaofaa kuishi, namuuliza yeye: unafaa nani? Wenye mamlaka wanatuhesabia taa na mitaro, na taa na mitaro tunavitaka, tusivyopewa tutavidai. Lakini asiniambie mtu kwamba nyumba ni nyumba na mji ni mji. Kuna watu ambao mji wao umeandikwa ngozini. Ukiwahamisha kwa upendo bila kuwauliza, umewavua ngozi kwa upendo.

Kaka aliporudi kutoka kazini alimkuta mama yake amefunga mzigo. Hakukasirika. Alikaa sakafuni mbele yake, mtu mzima, kama mtoto anayengoja kusukwa nywele.

"Mama, kule kwenu ni juu ya mto," alisema. "Umefikiria hilo? Ukianguka kule, maji hayaendi kwingine. Yanakuja kwangu. Ni mimi nitakayekutoa wavuni."

Shemeji aliweka mkono mdomoni. Mimi niliangalia ukuta.

Nilijua kwamba jana yake shangazi alikuwa amesikia yote dirishani, na kwamba hilo alikuwa amekwishalifikiria kabla ya mwanawe kulisema.

"Siwezi kukuapia kwamba sitaanguka," alisema. "Wanaanguka hata wenye macho. Ila wewe umeniona nikiwa nimekaa tu. Tangu uwe mtu mzima hujaniona nikitembea. Njoo uone. Ukiona siwezi, nitarudi nawe kwa basi hilohilo, na kufuli lako nitalifunga mimi mwenyewe."

Alikuwa hatanii. Tulimjua, neno lake likitoka limetoka.

Tulisafiri watatu kwa basi la usiku. Lilitushusha mwisho wa juu wa mji wetu, karibu na chumba chake, asubuhi watu wakienda kazini. Kaka alimnyooshea mkono. Shangazi hakuushika. Alisimama akavuta pumzi, ubaridi ukatua shavu la kulia, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetua ndoo.

Akaenda. Mimi na kaka tukafuata, kaka akiwa karibu kiasi cha kumdaka. Aliinua mkono kumsalimia mwuza kahawa kabla mwuza kahawa hajamsalimia. Aliruka kidogo mahali penye shimo ambalo mimi mwenyewe nililikanyaga. Kisha tukakaribia pale ambapo uzio wa chuma ulivunjwa na gari siku nyingi na hakuna aliyewahi kuutengeneza. Barabara inapinda, na chini yake ni maji matupu. Kaka aliharakisha. Mkono wake ulikuwa tayari begani kwa mama yake, haujamgusa, umebaki na nafasi ya kupitisha kitambaa tu. Na shangazi, kabla ya kufika kwenye pengo, aliachana na ukingo. Alisogea kushoto taratibu, akapita, akaurudia mto mbele.

"Pale upepo huja wote kwa pamoja," alisema bila kugeuka. "Na ondoa mkono wako, unanipigia kivuli."

Kaka aliuondoa. Tangu pale alirudi nyuma, tukatembea sambamba mimi na yeye, na niliona ameanza kulia bila kujificha, akiwa amebeba begi la mama yake kichwani.

Kibandani, muuza kamba wa jirani alipiga ukelele. "Mama Shazia! Tulidhani wamekupenda wakakuweka!"

"Walinipenda," alisema shangazi. "Ndiyo maana nimechelewa."

Alitoa ufunguo kibindoni, akafungua. Ndani kulinuka vumbi na sufi. Hakushika shazia, kama nilivyotarajia. Alimshika mwanawe kidevu, akamvuta mpaka mlangoni penye mwanga.

"Mama, basi langu..."

"Tulia. Nakutazama."

Hakuweza kuuona uso wote mara moja. Aliugeuza polepole chini ya kale kamviringo kake: paji la uso, nyusi, kovu la utotoni, shavu lenye machozi, kipande kimoja kisha kingine, kama anavyokagua mshono kabla ya kumkabidhi mteja godoro. Mwanawe alisimama wima, hakupepesa. Nje, soko liliendelea na kelele zake.